Kupaka shelaki mabakuli ya mbao yaliyokerezwa

Shelaki ni utomvu wa mdudu mdogo aitwaye Kerria lacca, anayenyonya matawi ya miti huko India na Thailand. Lakiri nyekundu iliyokuwa ikifungia bahasha za ofisini ilitengenezwa kwa utomvu huohuo. Dukani shelaki inauzwa ikiwa magamba membamba yenye rangi ya asali au chungwa. Magamba yakilowekwa kwenye spiriti yanayeyuka, na spiriti ikisharuka hewani inabaki ngozi nyembamba, ngumu, inayong'aa juu ya mbao. Kila mkono mpya, yaani kila tabaka linalopakwa, unayeyusha kidogo ule uliotangulia na kuungana nao, kwa hiyo bakuli likichubuka baada ya miaka linatengenezeka bila kukwanguliwa lote. Vanishi ya kopo haiwezi hivyo.

Mafundi wengi walioijaribu Dodoma na kuiacha waliponzwa na mambo mawili: spiriti yenye maji, au shelaki nzito. Ukiyaepuka hayo mawili, yanayobaki ni subira tu.

Bakuli la kazi gani?

Amua hili kabla hujawasha mashine ya kukerezea. Bakuli la shelaki ni la vitu vikavu: karanga, korosho, ubuyu, matunda, hata zabibu zilizokwisha kufutwa maji. Ngozi yake ikishakauka haina madhara kwa chakula. Shelaki hupakwa hata kwenye vidonge vya dawa na peremende. Ila haivumilii joto. Ikifika nyuzi 70 hivi inalainika, kwa hiyo uji wa moto na ugali uliopakuliwa sasa hivi utaacha alama. Pombe inaiyeyusha. Maji yakikaa juu yake kwa saa kadhaa yanaacha duara jeupe. Magadi, majivu na dawa za kung'arishia nguo zinaila kabisa. Mteja anayetaka bakuli la mchuzi mwambie ukweli, umpe lisilopakwa shelaki.

Mbao

Mninga unapokea shelaki vizuri kuliko mbao nyingi za huku, na rangi yake inapanda papo hapo mkono wa kwanza unapopita. Ununue wenye vibali na risiti. Mwarobaini, uliojaa mitaani Dodoma, unatoa bakuli zuri la hudhurungi yenye wekundu, lakini nyuzi zake zinapishana na hunyofoka, na vumbi lake linakera koo. Mwembe ni mweupe na unanyonya sana, uuhesabie mkono mmoja au miwili ya ziada. Mpingo una mafuta ya asili, na rangi yake inatoka ikiguswa na spiriti: kitambaa kinakuwa cheusi. Hilo si kasoro. Angalia tu usiiburure rangi hiyo hadi kwenye sehemu nyeupe ya pembeni ya mti, kwa sababu ikishaingia mle haitoki.

Kwa mbao yoyote, ukavu ndio msingi. Gogo bichi likerezwe mara mbili. Mara ya kwanza acha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani bakuli la sentimita 25 libaki na ukuta wa milimita 25. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye ncha za nyuzi, kisha lifukie ndani ya boksi la kadibodi lenye vumbi kavu la mbao, mbali na mlango. Upepo mkavu wa Dodoma kati ya Juni na Novemba unakausha nje haraka huku ndani kukiwa bado kubichi, na hapo ndipo mpasuko unapoanzia. Lipime uzito kila wiki na uandike namba kwa penseli kwenye kitako. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, lirudishe kwenye mashine. Mbao nyingi zitachukua miezi 2 hadi 4.

Msasa

Hapa ndipo uzuri wa bakuli unapoamuliwa. Shelaki haifichi mkwaruzo, inauwasha taa. Anza namba 120, au 80 kama bobari, ile patasi ya kukerezea yenye makali ya mviringo, iliacha nyuzi zilizonyofoka, kisha 180, 240, 320, na umalizie 400. Usiruke namba. Mkwaruzo wa 120 hautolewi na 320; utausugua mpaka mikono iume na bado utauona jioni, baada ya kupaka. Kwa bakuli la sentimita 20, mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika inatosha. Mwendo ukizidi, msasa unaunguza mbao na kuziba kwa vumbi.

Kila ukimaliza namba moja, simamisha mashine, futa vumbi, kisha sugua kwa mkono ukifuata nyuzi. Mulika tochi kwa ubavu, mwanga ulale juu ya mbao. Bakuli lina sehemu mbili zinazotazamana ambako nyuzi zimekatwa kichwa. Hizo ndizo zinazobaki na mikwaruzo na ndizo zitakazonyonya shelaki kupita nyingine. Zipe muda wake.

Vaa barakoa wakati wote wa kupiga msasa. Vumbi la mninga na la mpingo linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua.

Spiriti

Spiriti ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa kwa kawaida ni asilimia 70, na inayobaki ni maji. Haifai. Magamba yataloweka, yatavimba, na mwisho utapata kitu kama uji wa muhogo. Gongo nayo ina maji mengi, na juu ya hayo ni haramu kisheria. Unachotaka ni ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ya maabara au ya viwandani, au spiriti ya rangi ya duka la vifaa vya ujenzi ikiwa haijachakachuliwa.

Kuipima ni rahisi. Mimina kijiko kimoja cha chai kwenye kisahani cha bati, weka chini kwenye udongo mtupu, sogeza chupa mbali, kisha washa. Fanya kivulini, kwa sababu mwali wa spiriti hauonekani juani na mtu anaweza kuunguzwa na moto asiouona. Spiriti kali itaungua mpaka karibu kisahani kikauke, ikiacha unyevu kidogo tu. Yenye maji mwali wake utakufa mapema na chini kutabaki kidimbwi. Ukikiona kidimbwi hicho, rudisha chupa dukani.

Spiriti ya rangi ina methanoli, ambayo ni sumu. Paka penye hewa inayopita, vaa glavu, na usiweke chakula kwenye bakuli kabla ya wiki moja kuisha.

Kuyeyusha

Kipimo cha kuanzia ni gramu 30 za magamba kwa mililita 250 za spiriti. Hiyo ni shelaki nyepesi, na kwa mabakuli ndiyo ya karibu kazi yote. Ukitaka nzito kwa ajili ya kuziba vitundu, weka gramu 60 kwa spiriti ileile. Usizidi hapo. Pima kwa mizani ya jikoni, usikadirie kwa kiganja, maana magamba mapana yanajaza kiganja bila uzito.

Saga magamba kwanza kwenye kinu safi kikavu mpaka yawe kama sukari, yatayeyuka upesi zaidi. Tumia chupa ya kioo au ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Kamwe usitumie kopo la bati: shelaki ikikutana na chuma inageuka nyeusi, na weusi huo unahamia kwenye bakuli. Tikisa chupa kila baada ya saa moja siku ya kwanza ili magamba yasigande chini kama donge, kisha iache ilale. Usiiweke motoni. Ukiwa na haraka, isimamishe kwenye beseni la maji ya vuguvugu huku mfuniko ukiwa umelegezwa.

Ikishayeyuka, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Utaona bado ina ukungu ndani. Hiyo ni nta ya shelaki yenyewe. Iache siku 3 hadi 7 bila kuigusa, nta itakaa chini, kisha mimina polepole ile safi ya juu. Kama utapaka shelaki pekee, nta hiyo haina ubaya mkubwa. Kama utaweka vanishi nyingine juu yake, lazima iondoke, la sivyo vanishi itabanduka.

Andika tarehe kwenye chupa. Shelaki iliyokwisha kuyeyushwa inazeeka: inaendelea kuungana na spiriti mpaka inapoteza uwezo wa kukauka. Mahali pa baridi hesabu miezi 6, na chini ya bati linalochemka Oktoba hesabu 3. Ukiwa na shaka, dondosha tone juu ya kipande cha kioo na ulale. Asubuhi libonyeze kwa ukucha. Likiacha alama, mwaga chupa yote. Magamba makavu nayo huzeeka, na yaliyokaa miaka mingi kwenye joto hubaki kama mpira ndani ya spiriti hata ungeyatikisa wiki nzima.

Kwa hesabu ya matumizi, bakuli la sentimita 20 ndani na nje linakula kama mililita 10 kwa mkono mmoja. Mililita 250 zinatosha mabakuli manne au matano.

Saa ya kupaka

Kiangazi, paka kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Baada ya hapo jua linapanda, upepo unaamka na vumbi jekundu linaingia kila tundu. Spiriti inaruka kabla shelaki haijajisawazisha, kitambaa kinaanza kunata, na unabaki na matuta. Nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla hujafungua chupa, na ufunge dirisha la upande unaovuma upepo, ukiliacha la upande wa pili wazi.

Masika ya Dodoma, kuanzia Desemba hadi Aprili, tatizo linageuka. Spiriti inaporuka inapoza uso wa bakuli, na hewa ikiwa na unyevu maji yanaganda juu yake na kunaswa ndani ya shelaki. Huo ndio ukungu mweupe. Siku hizo subiri saa 5 au saa 8 mchana jua linapotoka, na mvua ikinyesha fanya kazi nyingine.

Kifundo

Usitumie brashi kwenye bakuli, itaacha machozi ukingoni. Chukua pamba ya duka la dawa kiasi cha limao, ifunike kwa kitambaa cha shuka kuukuu lililofuliwa mpaka halitoi manyoya tena, na uzikusanye pembe zake nyuma uzizungushe zibane. Upande wa chini usiwe na kunjo hata moja. Fungua, mimina shelaki kwenye pamba, funga tena, kisha gonga kifundo kwenye kadibodi. Kinatakiwa kiache doa lenye unyevu lisilotiririka. Kikiacha tone, kimeshiba mno, endelea kukigonga. Ukimaliza kazi kihifadhi kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na matone machache ya spiriti, na kitakufaa kwa miezi.

Kupaka

1. Futa vumbi lote kwa kitambaa kilichonyunyizwa spiriti. Mikwaruzo uliyoikosa itajitokeza mbao ikiwa bado imelowa. Irudie sasa.

2. Paka zile sehemu mbili zenye nyuzi zilizokatwa kichwa, peke yake. Ngoja dakika 5. Zimekunywa, na sasa hazitanyang'anya mkono unaofuata.

3. Mashine ikiwa imezimwa, zungusha bakuli kwa mkono wa kushoto huku kifundo kikiwa kulia. Ndani, anzia katikati na upande kwa mzunguko hadi ukingoni. Nje, anzia kwenye kitako. Kifundo kiguse mbao kikiwa tayari kinatembea, na kiondoke kikiwa bado kinatembea. Kikisimama hata kwa sekunde moja kinanata na kung'oa kilichokwisha kupakwa.

4. Usirudi nyuma. Umeruka mahali? Pache, patapata mkono ujao. Kurudia sehemu iliyoanza kukauka ndiko kunakoharibu mabakuli mengi kuliko kosa lolote jingine la kupaka.

5. Ngoja saa 1 kiangazi, saa 2 au zaidi masika, kisha pitisha kiganja. Uso utakuwa na vinywele vigumu kama kidevu kilichonyolewa jana. Pitisha msasa wa 400 uliokwisha kutumika, kwa uzito wa vidole tu. Ukitoa unga mweupe mkavu, shelaki imekauka. Ukijikunja vidonge vinavyonata kwenye msasa, acha, ngoja saa nyingine.

6. Rudia mikono mitatu zaidi kwa shelaki nyepesi. Msasa upigwe baada ya kila mikono miwili, si kila mara.

Mninga una vitundu vinavyoonekana kwa jicho, na mikono minne haitavijaza. Ukitaka uso laini kama kioo, mkono wa pili upakwe kwa shelaki nzito, na ungali umelowa uzungushe msasa wa 320 juu yake kwa duara ndogondogo. Vumbi la mbao yenyewe linachanganyika na shelaki na kuwa tope lenye rangi ileile, linajaza vitundu. Futa ziada kwa kukata nyuzi, usizifuate, ili usilichomoe tope ulilolisukuma ndani. Liache lilale usiku kucha, kisha msasa wa 400 mkavu. Kwa macho yetu hakuna kijazio cha dukani kinacholingana na hili.

Mwishoni kifundo kitaanza kukokota. Weka tone moja, moja kweli, la parafini ya maji ya duka la dawa chini ya kifundo. Hii si mafuta ya taa, wasikuchanganye. Inakitelezesha. Kesho yake futa ule utelezi kwa kifundo kipya chenye spiriti kidogo sana, kiwe baridi mkononi bila kulowesha.

Kung'arisha kwa msuguano

Wengine huchanganya shelaki nzito, spiriti na mafuta ya kitani yaliyochemshwa, vipimo sawa, na kuisugua mashine ikienda kasi ili joto liikaushe. Kwenye vinyago na vijiti inapendeza. Kwenye bakuli inafaa tu chini ya sentimita 15, kwa sababu ukingo unakimbia wakati katikati pamesimama karibu kabisa: ukingo unapata moto, katikati hapapati, na mng'ao unatoka wa aina mbili. Ukiifanya, tumia karatasi ya shashi na si kitambaa. Shashi ikinaswa inachanika. Kitambaa kikinaswa kinavuta kidole. Usizungushe chochote kwenye kidole, na mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke. Vikirundikwa kwenye kona yenye joto vinaweza kuwaka vyenyewe. Na chupa ya spiriti isikae chumba kimoja na jiko la mkaa wala grinda.

Nta ya juu

Ngoja siku 3. Nta ya nyuki ya Manyoni na Itigi ni safi na harufu yake inakaa kwenye bakuli kwa wiki kadhaa. Weka gramu 25 za nta na mililita 100 za parafini ya maji kwenye chombo kilichosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji kutokota. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Paka kidogo kwa sufi ya chuma laini, namba 0000, ukiwa unataka mng'ao uliotulia. Paka kwa kitambaa ukiwa unataka unaowaka. Futa baada ya dakika 20. Sufi ya chuma ipite juu ya shelaki tu, isiguse mbao tupu, kwa sababu vipande vyake vikibaki kwenye vitundu vitaota kutu na kuacha madoa.

Likienda vibaya

Ukungu mweupe ukijitokeza masika, usipake juu yake. Subiri siku kavu, kisha pitisha kifundo chenye spiriti kali kidogo, mara moja, haraka. Shelaki inafunguka, unyevu unatoka, na weupe unayeyuka machoni pako. Duara la bilauri ya maji linatibiwa hivyohivyo.

Uso unaonata siku ya pili ni shelaki iliyozeeka. Hakuna dawa, isafishe yote kwa spiriti na uanze na chupa mpya. Matuta yakatwe kwa msasa wa 400 wenye tone la parafini, kisha mkono mmoja mwepesi. Machozi ukingoni yaache yakauke siku nzima kabla ya kuyakwangua kwa wembe uliolala. Ukiyagusa mapema yanavutika kama ubani.

Doa jeusi ni jambo jingine. Likiwa juu ya ngozi ya shelaki litatoka na spiriti. Lisipotoka, chuma kimefika kwenye mbao, labda toka kwenye msumari wa zamani au kopo la bati, na hapo inabidi urudi msasa wa 120 mahali hapo na kupanda namba zote upya.